Kitovu kisipasuke tukiwa bado kwenye mkutano

(Mazungumzo haya yalitolewa na ajenti wa shirika anayefanya kazi nasi vijijini, mbele ya mkutano mkuu wa wanachama hapa Lubutu, Siku ya Hepatiti Duniani, tarehe 28 Julai. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu walio mbali. Maswali mawili ya mwisho yaliulizwa na wanachama.)

Mimi si munganga. Nilisoma chuo kikuu mambo ya maendeleo ya vijijini, na kazi yangu mnaijua: mbegu, majembe, orodha ya familia zilizorejea. Lakini leo nitasema juu ya ugonjwa. Yale ya kiganga nitakayosema nimeyapitia pamoja na daktari, ili nisiwadanganye.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Wengine kati yenu mlimfahamu papa moja, mkulima wa mpunga, aliyerejea na mke wake na watoto watano. Jina lake sitalitaja, familia yake iko kati yetu. Siku ya kugawa mbegu alisimama mbele ya meza yangu. Mikono ilikuwa myembamba kama kijiti, macho yana rangi ya njano, na tumbo limejaa kama la mama wa miezi tisa. Kitovu kilitoka nje, kikubwa kama ndimu, na juu yake alifunga kipande cha kikwembe. Nikamuuliza, "Papa, unaumwa?" Akacheka. "Mwanangu, hii mimba ni ya maji. Haina mtoto." Watu kwenye mstari wakacheka, na mimi nikacheka. Nikamwambia, "Uende santre ya afya." Halafu nikaandika kwenye karatasi: mbegu, amepokea, jembe, amepokea. Karatasi yangu haikuwa na nafasi ya kuandika tumbo.

Wiki chache baadaye, usiku wa mvua, alikohoa na kile kitovu kikapasuka. Mke wake alinieleza kwamba maji yalitoka kama bidoni iliyotobolewa, yakalowesha kitanda chote. Wakaweka majivu na majani. Asubuhi wazee wa ukoo wakakusanyika, na neno la kwanza lilikuwa bulozi. Nani amemfunga? Shemeji gani aligombana naye juu ya shamba? Siku nzima ikaishia hapo. Siku ya pili wakaja kwa muungano wetu kuomba makuta ya safari. Kasa ilikuwa na makuta. Lakini sheria yetu ilidai sahihi tatu, na mwenye sahihi ya tatu alikuwa safarini. Tukasema tumngoje. Siku ya tatu ndipo papa akafika hospitali. Wakampasua, wakamshona, lakini uchafu ulikuwa umeshaingia tumboni. Hakuvuka wiki.

Sisemi haya ili kumhukumu mtu. Ukoo ulifanya ulivyojua, muungano ulifuata sheria yake, nami nilijaza karatasi yangu. Hakuna aliyemchukia. Hata hivyo tulimpotezea siku tatu, na kabla ya hizo tulishampotezea miezi ambayo tumbo lile lilikuwa linatembea mbele ya macho yetu.

Sasa tujue kilichomuua ni nini.

Mama zetu mnajua kuvua samaki wakati wa kiangazi. Mnaziba kijito kwa miti na udongo, maji yanajaa nyuma ya ukuta, yanapanda, halafu yanatafuta njia pembeni: huku yanachuruzika, kule yanabomoa. Ini la mtu mwenye ugonjwa huu ni hivyo hivyo. Kwa kawaida damu yote inayotoka matumboni na kwenye bandama inapita mshipa mmoja mkubwa hadi ini, inasafishwa, halafu inaendelea kwenda moyoni. Ini likiumia mwaka baada ya mwaka, linajaa makovu na kuwa gumu. Waganga wanaliita hilo sirozi. Damu inafika na kukuta ukuta. Msukumo unapanda nyuma yake.

Hapo mambo matatu yanatokea. La kwanza, maji yanavuja na kujaa tumboni. La pili, damu inatafuta vijito vya pembeni, na kimoja kinapita kwenye umio, yaani bomba la chakula. Mishipa ya pale inavimba kama minyoo, na siku moja inaweza kupasuka. Ndipo mtu anatapika damu. La tatu ni kitovu. Kitovu ni mlango wa zamani, pale kamba ya mtoto ilipopita. Mlango ule hufungwa, lakini hauwi na nguvu kama ukuta mwingine. Maji yakisukuma kila siku, mlango unalegea na ngiri inatoka. Kati ya watu 100 wenye sirozi na maji tumboni, karibu 20 hupata ngiri ya kitovu. Ngozi ya juu yake inanyooshwa, inakuwa nyembamba, inang'aa, inatoka kidonda. Halafu siku ya kikohozi, ya kutapika, au ya kubeba mzigo, inapasuka.

Jambo hili halikuzaliwa Lubutu. Mwaka 1961 daktari mmoja wa Marekani, Frank Flood, aliandika juu ya wagonjwa wa sirozi waliopasuka kitovu namna hii, na mpaka leo waganga wanaliita kwa jina lake. Kwa bahati, jina hilo kwa Kiingereza maana yake ni mafuriko. Kama linatokea Marekani kwa watu wasiomjua shemeji yetu wala shamba letu, basi tumwache shemeji apumzike.

Dalili za kuangalia ni hizi. Ukiona mtu ana tumbo la maji na ngiri ya kitovu, angalia ngozi ya ngiri. Ikiwa inang'aa, imebadilika rangi kuwa nyeusi au nyekundu, ina kidonda, au inatoa jasho la maji hata tone moja, usingoje mwezi. Mtu huyo aende hospitali siku hiyo, angali anatembea kwa miguu yake. Ngiri ikiwa ngumu, inauma, hairudi ndani, na mtu anatapika, maana yake utumbo umenaswa. Hiyo nayo ni ya siku ile ile. Homa pamoja na maumivu ya tumbo lenye maji, vilevile: maji yale yanaweza kuoza ndani.

Na kama imeshapasuka? Sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa njo tulikosea.

Mlaze mgonjwa chali, magoti yamekunjwa, asisimame wala asikae. Nawa mikono. Funika kitovu kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa, yakapoa, yenye chumvi kidogo. Kama utumbo umetoka nje, usiurudishe ndani kwa kidole. Ufunike uendelee kuwa na unyevu, na juu yake weka nailoni safi. Usiweke majivu, majani, mafuta ya ngazi wala unga wa vidonge. Usifunge kwa nguvu. Usimpe chakula wala kinywaji, kwa sababu huenda atapasuliwa. Halafu ondokeni. Tipoyi ni nzuri kuliko moto, kwa kuwa mgonjwa analala; kama moto ndiyo chombo pekee, mtu mmoja akae nyuma amshike. Wakati wengine wanafunga tipoyi, mmoja apige simu kwa muuguzi mkuu wa santre, yule tunamwita IT, aandike barua ya transferi na kuijulisha hospitali.

Hospitalini watamwekea maji ya mshipa na dawa za kuua vijidudu, kisha daktari atafunga lile tundu kwa upasuaji. Bila kufungwa, wengi hufa kwa uchafu unaoingia tumboni. Lakini kushona peke yake hakutoshi. Maji yakijaa tena, yatasukuma mshono na kuufungua. Ndiyo maana mgonjwa anapewa vidonge vya kukojoza maji, spironolaktoni na mara nyingine furosemidi, na pengine maji yanatolewa kwa sindano kubwa. Kazi hiyo ni ya hospitali. Yule anayepita vijijini na sindano yake kutoboa matumbo, mumkatalie. Maji mengi yakitoka kwa mara moja, msukumo wa damu unaweza kuanguka na figo kuharibika. Ndiyo maana yakizidi lita 5 waganga hutaka kumrudishia mgonjwa albumini kwenye mshipa. Tena tumbo likipungua haraka, ngiri inaweza kubana utumbo. Kwa hiyo mgonjwa aliyetolewa maji, mwangalie kitovu chake siku zinazofuata.

Vizuri kuliko yote ni kutengeneza ngiri kabla haijapasuka, maji yakiwa yameshapunguzwa na mgonjwa ana nguvu. Upasuaji wa kupanga hauna hatari kama upasuaji wa usiku wa mvua.

Niseme neno juu ya kutapika damu, maana ni ndugu wa ugonjwa huu huu. Mtu anatapika damu nyekundu au kama masalio ya kahawa, au anatoa choo cheusi chenye kunata kama lami. Mlaze kwa ubavu asisongwe na damu. Asile, asinywe. Musimpe aspirini, diklofenake wala ibuprofeni. Dawa hizo zinazidisha kutoka damu na kuumiza figo. Mpeleke mara moja, na ndugu wawili watatu wenye afya wamfuate ili watoe damu. Na hapa kuna manung'uniko ninayoyasikia kila mara: "Tulitoa watu watatu, munganga akaweka mfuko mmoja tu!" Ndugu zangu, munganga yule huenda anajua anachofanya. Mwaka 2013 watafiti wa Barcelona walichapisha kwamba wagonjwa wanaotapika damu waliongezewa kwa kipimo walipona wengi zaidi kuliko walioongezewa nyingi. Damu ikizidi, msukumo nyuma ya ule ukuta unapanda, na mshipa unafunguka tena. Pia wanapewa dawa ya kuua vijidudu, kama seftriaksoni, hata kama hawana homa, kwa sababu anayetoka damu hivyo anashikwa na vijidudu kwa urahisi. Kufunga mishipa ya umio kwa mpira mdogo kupitia mdomo ni kazi ya hospitali zenye kifaa maalum, na kutoka hapa Kisangani tu ni zaidi ya kilometa 200. Lakini kuna kidonge, propranololi, kinachopunguza msukumo na kusaidia damu isitoke. Ni dawa ya zamani na si ghali. Kwa nani na kiasi gani, daktari ndiye anayepima, maana si kila mgonjwa anaifaa.

Na mgonjwa wa ini akianza kulala mchana na kukesha usiku, akichanganya majina ya watoto wake, akitetemeka mikono, musimpeleke kwanza kwenye chumba cha maombi wala kwa mfumu. Uchafu ambao ini lilishindwa kusafisha umefika kwenye ubongo. Mara nyingi unaletwa na choo kigumu, kutoka damu, au homa. Kuna dawa ya maji matamu inayoitwa laktulozi, inayolainisha choo na kutoa ule uchafu. Mkisha kumfikisha hospitali, mumwombee hapo kitandani, hakuna atakayewazuia.

Sasa nyumbani. Chumvi isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku nzima, tena kisawazishwe juu. Makayabu na zile kube za mchuzi zina chumvi nyingi, aziache. Lakini musimnyime chakula. Nimeona mgonjwa anapewa bugari na sombe tupu kwa sababu "ini halitaki nyama". Hapana. Anahitaji maharagi, karanga nzuri, samaki wabichi, mayai, na chakula kidogo kabla ya kulala. Lotoko aache kabisa. Dawa za miti, na ninaheshimu wazee wanaozijua, wakati huu aziweke kando, kwa sababu ini lililochoka halijui kutofautisha mti mzuri na mti mbaya. Akiumwa kichwa, parasetamoli kidogo, isipite gramu 2 kwa siku.

Ini linaumia kwa sababu gani? Kuna pombe. Lakini yule papa wetu hakuwa mlevi, na wengi tunaowaona si walevi. Adui mkubwa katika nchi zetu ni kirusi cha hepatiti B. Kinapita kwa damu, kwa kitendo cha ndoa, kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa, na kwa wembe mmoja unaochanja watu watano. Hakipiti kwa sahani moja wala kwa kushikana mikono. Kinakaa ndani miaka 20 au 30 bila kelele. Minyoo ya bilharzia nayo inaweza kuziba mishipa ya ini, hata kwa kijana asiyeonja pombe. Na karanga na mahindi yaliyoota ukungu yana sumu inayoleta kansa ya ini, hasa kwa mwenye hepatiti B. Yatupwe, wala yasipelekwe kusagwa.

Habari nzuri ni kwamba hepatiti B ina chanjo. Watoto wetu wanaipata ndani ya chanjo ya pentavalenti, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Shirika la Afya Duniani linapendekeza pia dozi ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Akina mama wenye mimba waulize santre. Na kwa mtu mzima ambaye kirusi kinamla ini, iko dawa, tenofoviri, ile ile inayotumiwa kwa ukimwi. Haitoi makovu yote, lakini inazuia moto usiendelee.

Sasa nafika kwenye ombi langu.

Wengi mnakumbuka miaka ile Médecins Sans Frontières walikuwa wanasaidia hospitali hapa Lubutu. Huduma ilikuwa bure, na mtu alikwenda bila kuhesabu. Leo kabla ya kuondoka nyumbani familia inahesabu: esanse ya moto, chakula cha wabebaji, fishi, upasuaji, chakula cha mlinzi wa mgonjwa. Hesabu hiyo inachukua siku. Na sisi muungano tuliundwa kwa sababu hiyo hasa, ili anayerejea mikono mitupu asihesabu peke yake.

Naomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, sehemu ya kasa iwekwe kando kwa dharura, isiguswe kwa mbegu, kwa matanga wala kwa sikukuu. Pili, kwa dharura ya uhai sahihi tatu zisidaiwe. Watu wawili kati ya watano waliochaguliwa, na mmoja wao awe mama, wakubaliane kwa simu, makuta yatumwe saa hiyo hiyo, na karatasi zifuate baadaye. Mtu anaweza kusema makuta yataliwa. Inawezekana, na mkutano utamuuliza aliyeyala. Lakini papa wetu hatuwezi kumwomba arudi tumsaidie kwa sahihi kamili. Tatu, kila kijiji ma-reko na wasimamizi wetu waandike, kwa siri na kwa ruhusa ya mwenyewe, watu wenye tumbo la maji au ngiri, na wawasindikize hospitali mapema. Kwa upande wangu, kwenye karatasi ya mbegu nimeongeza mstari mmoja: "Je, kuna mgonjwa nyumbani?" Ni mstari tu, lakini sasa nalazimika kuuliza na kungoja jibu.

Kwa wafadhili wetu mtakaosoma haya: mnapotusaidia mbegu, tunashukuru. Tunaomba tu msione makuta ya tipoyi na esanse kama matumizi yasiyo na faida. Mbegu za yule papa zilibaki kwenye mfuko.

Nimalize na kijana mmoja. Miezi mitatu baada ya msiba ule, reko wa kijiji chake aliona maji yanachuruzika kwenye kitovu chake asubuhi. Reko huyo alikuwa kwenye mazishi ya papa. Hakuuliza nani amemloga. Alifunika kwa kitambaa kilicholoweshwa, akaita wabebaji wanne, na mwenyekiti wetu akatuma makuta bila kungoja mtu, akavunja sheria ambayo leo nawaomba tuibadilishe. Kabla ya jua kuzama kijana alikuwa kwenye meza ya upasuaji. Ini lake bado lina ugonjwa, anakula bila chumvi na analalamika kila siku. Lakini analalamika nyumbani kwake, mbele ya watoto wake.



*Swali la mama mmoja:* Mtoto wangu wa miaka miwili kitovu kimetoka tangu azaliwe. Naye ana ugonjwa wa ini?

*Jibu:* Hapana, mama, usiogope. Ya watoto ni nyingine. Nyingi hujifunga zenyewe kabla ya miaka minne au mitano. Usiifunge kwa sarafu wala kwa mkanda. Ikiwa ngumu, inauma na mtoto anatapika, hapo ukimbie hospitali.

*Swali la papa mmoja:* Mimi nakunywa lotoko miaka mingi. Nikiacha leo, ini litapona, au nimeshachelewa?

*Jibu:* Papa, aksanti kwa kusema ukweli mbele ya watu. Makovu mengi hayafutiki. Lakini anayeacha, msukumo unaweza kupungua, maji yanaweza kukauka, na miaka inaongezeka. Kwa hiyo kuacha kunafaa hata leo. Ila anayekunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka hata kushikwa na kifafa; basi upite kwanza santre, uache ukisaidiwa. Kesho asubuhi mimi nakwenda kule. Twende pamoja.

(Mkutano ulikubali mambo yote matatu kwa kunyoosha mikono. Majina ya watu watano wa kasa ya dharura yamebandikwa kwenye mlango wa ofisi yetu.)